Pafu Halikumsalimu Nyanzala

Pafu la ukutani, mashine ya kugawa hewa, lilisalimu kama kawaida yake, kwa ile sauti ya kijana aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, Bibi Siwema Mghenyi."

"Marahaba," Bibi Siwema akajibu bila kuliangalia.

"Habari ya asubuhi, dada Leokadia."

"Nzuri," Leokadia akasema, macho yake yakiwa kwa mtoto.

Kisha pafu likanyamaza. Mtoto mwenyewe, Nyanzala, alikuwa mkekani na kipande cha kiazi mkononi, naye akatulia kusubiri, kwa sababu alishaambiwa zamu yake ni baada ya mama. Jina lake halikuja. Vali, kilango cha hewa cha pafu, ilifunguka kwa mlio wake wa kukoroma, na hewa safi ikaanza kuingia chumbani. Hewa ya watu wawili.

"Umesikia?" Bibi akamgeukia mgeni aliyesimama mlangoni. "Au na wewe utaniambia masikio yangu ya kizee?"

"Nimesikia, bibi."

"Humu ndani tuko wangapi?"

"Watatu. Ukiniacha mimi."

"Tunakuacha. Wewe hewa yako iko ofisini."

Mgeni aliitwa Kalunde Msengi, binti fundi wa programu wa Shirika la Pumzi. Alikuwa na barakoa shingoni na vumbi jekundu kwenye nyusi. Alizaliwa hukuhuku Ng'ambo ya Reli, mitaa miwili kutoka hapo, lakini hilo halikumsaidia kitu. Kwa Bibi Siwema, ukishavaa kitambulisho cha Shirika umeshakuwa mtu wa Bomani, kule kwenye ofisi, na mtu wa Bomani huwa hakaribishwi kiti mpaka aeleze kilichomleta.

"Umetumwa kuangalia au umetumwa kufuta?"

"Kufuta nini tena, bibi?"

"Sijui. Nyie ndio mnajua. Mimi kila mtu wenu akija hapa, akiondoka kuna kitu hakipo."

Leokadia alikuwa ameshachukua barakoa yake msumarini. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi. Mashine ikishahesabu wawili, yeye hutoka akakae nje ukutani, ili fungu lake la hewa libaki kwa mtoto. Kitambaa cha barakoa kilikuwa kimechakaa kiasi kwamba ukikiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Alikohoa mara moja kabla hajafungua mlango, kikohozi cha mtu anayejaribu kisisikike.

"Dada, ngoja kidogo," Kalunde akasema. "Nipe dakika chache niangalie."

Alitoa kioo chake cha kazi, kompyuta bapa ya mkononi, akakichomeka kwenye tundu lililo chini ya pafu. Kioo cha mafundi kilitumia Dira, kivinjari kipya, programu ileile ya kusoma majibu iliyofungwa katika mapafu yote ya Bomani. Mapafu ya Ng'ambo yalibaki na Mwewe, kivinjari cha zamani. Kalunde akaliuliza Shirika swali lilelile ambalo kila nyumba ya Itigi Mpya huliuliza kila asubuhi tangu miaka ya vumbi: *nani wanaishi hapa?*

Jibu likaja. Siwema. Leokadia. Nyanzala.

Bibi alikuwa amesogea, shingo mbele, anasoma begani kwake.

"Kumbe mnajua yupo."

"Bibi, hii ni…"

"Mnajua yupo! Jina lake hilo hapo, na mwezi aliozaliwa. Mnamjua, halafu asubuhi mnajifanya hamumwoni. Wewe ndiye utaniambia hiyo ni bahati mbaya?"

Alichokuwa akifikiri Kalunde ni hichohicho.

"Nyie mlikuja kuweka uzio mkasema ni wa ng'ombe," Bibi akaendelea, na sasa alikuwa anahesabu kwa vidole kama anayedai. "Ng'ombe wakafa, uzio upo, na sisi tuko upande wa huku. Mkaja kupima kuta mkasema mnatuletea mashine mpya. Geuza hiyo mashine uone mgongoni. Kuna jina la mtu wa Bomani limekwanguliwa kwa kisu. Mkaja na mashine ikawa inamwamkia mtoto wa kunyonya kabla yangu mimi mwenye nyumba. Nani aliwafundisha adabu? Si mimi?"

"Ni wewe, bibi." Hilo Itigi Mpya nzima ililijua. Bibi Siwema aliwakusanya wanawake wa Ng'ambo wakaenda kukaa kwenye ngazi za Shirika, wakakataa kuondoka mpaka mashine ijifunze kuanza na wakubwa. Shirika likachoka, likaweka kitufe ukutani: mwenye nyumba atapanga mwenyewe nani aanze kusalimiwa. Ng'ambo yote ikapanga wakubwa kwanza. Bomani hawakujali, wao huwa hawaiitikii mashine.

"Na yote nimewaandikia. Kila mlichofanya nimekilalamikia kwa sauti yangu na kwa picha. Yamo humo ndani," akaligonga pafu kwa kifundo cha kidole. "Kwenye jina langu. Hamwezi kusema hamkuambiwa."

Kalunde alinasa kila kilichoingia kwenye ule ukuta asubuhi ile, herufi kwa herufi, akakifunga kioo. Alipotoka, Leokadia alikuwa ameshakaa nje, mgongo ukutani, barakoa usoni, akitazama reli.

* * *

Bomani hewa ni nyingi mpaka inakera. Kalunde aliingia karakana, akateremsha pafu kuukuu lililokuwa juu ya kabati kwa ajili ya majaribio, lenye Mwewe yuleyule wa Ng'ambo, akalipa namba ya nyumba ya Bibi Siwema.

"Shikamoo, Bibi Siwema Mghenyi," pafu likasema. "Habari ya asubuhi, dada Leokadia. Hujambo, Nyanzala."

Watatu.

Akalizima, akaliwasha. Watatu tena. Akakaa chini.

Kivinjari kilekile, swali lilelile, na mtoto yuleyule. Bomani yupo, Ng'ambo hayupo. Hapo ndipo shaka ilipomwingia Kalunde sawasawa, ile shaka aliyokuwa akiibeba tangu utotoni kama kokoto kwenye kiatu. Wanajua swali linatoka wapi. Kuna jibu la watu na kuna jibu la watu wa kule. Alilifungua lile alilolinasa asubuhi ukutani kwa Bibi, akaliweka kando ya hili la karakana, akalinganisha herufi kwa herufi huku akiwa ameshaandaa matusi.

Yalikuwa sawa. Hayakupishana hata nukta. Shirika lilituma jina la Nyanzala mpaka ukutani kwa Bibi Siwema, na ukuta ukalipokea.

Ilimuudhi kuliko kama angekuta uongo. Mwongo angekuwa na mlango wa kugonga.

Basi akarudi kwenye kazi yake kama fundi: badilisha kitu kimoja tu, acha vingine vyote. Mashine ni ileile. Swali ni lilelile. Kilichobaki ni njia. Waya wa Bomani ni mnene na mpya, jibu lote hufika kwa mkupuo. Ng'ambo wanatumia waya uliokuwa wa stesheni, na jibu hufika vipandevipande. Akaibana laini ya karakana mpaka ikawa nzito kama ya Ng'ambo.

"Shikamoo, Bibi Siwema Mghenyi. Habari ya asubuhi, dada Leokadia."

Kimya. Vali.

Akailegeza laini. Watatu. Akaibana. Wawili.

"Haa," Kalunde akasema peke yake. "Kumbe unakurupuka."

Programu ya mapafu imeandikwa kwa JavaScript, lugha kongwe ambayo kila kizazi cha mafundi huitangazia mazishi na kesho yake huamka nayo. Ndani yake, ombi lolote lililotumwa hupita hatua. Ya tatu maana yake jibu linaingia. Ya nne maana yake limekwisha kuingia. Aliyeandika programu hii alisema: ikifika hatua ya tatu, kama kuna maandishi, yasome. Dira haonyeshi maandishi yoyote mpaka jibu liishe, kwa hiyo kwake kosa halionekani. Mwewe ana haraka. Humkabidhi msomaji kilichofika mpaka hapo, hata kama nusu bado iko njiani, na programu ikishasoma mara moja haigeuki nyuma. Kwenye laini nzuri, nusu na yote hufika pamoja. Kwenye laini ya Ng'ambo, wa mwanzo husomwa na wa mwisho hubaki njiani.

Na wa mwisho ni nani? Ng'ambo wakubwa hutangulia. Na huyu mkubwa, Bibi Siwema, jina lake lilivuta nyuma yake mkia wa malalamiko ya miaka yote, sauti na picha, mzito kuliko nyumba nzima. Kila alichowahi kulilalamikia Shirika kilikuwa kinapita mlangoni kabla ya mtoto.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakikumkalia sawa. Jibu lote hufungwa ndani ya mabano; likikatwa katikati, mabano yaliyofunguliwa hubaki wazi, na lugha ile haivumilii mabano wazi. Ilipaswa kugoma. Ilipaswa kupiga kelele, kuwasha taa nyekundu, kuita fundi. Miaka yote hii taa haijawaka hata nyumba moja. Kelele zilikwenda wapi?

Alishuka chini ya programu, mstari baada ya mstari, mpaka akaikuta. Ilikuwa kazi ndogo yenye jina lisiloficha kitu, *fungaKimya*, na juu yake maelezo ya mwandishi:

*// Jibu likikatika, mwache aliyekatika, funga mabano, endelea. Usiwashe taa.*

Na mwisho wa mstari, herufi mbili: G.L.

* * *

Injinia Gaudensi Lyatuu wa Shirika alikuwa anamenya karanga juu ya meza yake. Hakushtuka. Alisoma kioo alichowekewa, akapukuta maganda mikononi.

"Umechelewa kuiona," akasema. "Nilitegemea mtu ataiona mapema."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Kaa, mdogo wangu."

"Nimekaa tangu asubuhi, Injinia. Nataka kusikia."

Akamwambia. Mapafu yalipohamishiwa Ng'ambo, majibu yalikatika vilevile, ila wakati huo programu ilikuwa inagoma. Pafu likiona mabano wazi lilizima. Nyumba nzima bila hewa, siku ya dhoruba, watu wanaita na mafundi hawafiki. "Nilikuwa na asubuhi moja," Gaudensi akasema. "Nikachagua nyumba ipate pungufu kuliko ikose yote. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningefanya hivyohivyo," Kalunde akasema. "Halafu kesho yake ningesema."

Gaudensi aliokota karanga moja, hakuila.

"Na taa? Taa uliizima ya nini?"

"Zingewaka maelfu. Bodi ingeuliza kwa nini tumepeleka kule mashine zisizofaa kwa waya ule. Waliosaini bado wapo. Nikasema nitarudi kuirekebisha kimyakimya. Kila mwaka nikasema."

"Rekebisho lenyewe ni mstari mmoja. Subiri hatua ya nne. Basi."

"Najua ni mstari mmoja! Lakini pafu likipokea programu mpya linafuta kumbukumbu yake, ambayo fundi haruhusiwi kuifungua peke yake, unalijua hilo. Linasahau kila asubuhi lilimsalimu nani na nani lilimruka. Na huku kwetu taarifa za watoto hatukuwahi kuhifadhi." Akainua mabega. "Ukirekebisha, kesho watoto wote wanapumua, na hakuna mtu atakayeweza kuthibitisha kwamba jana walikuwa hawapumui. Usiporekebisha, ushahidi upo ukutani na watoto wanakohoa. Chagua. Mimi nilishindwa."

Kalunde alihisi amepewa kitu cha moto ashike. Aliangalia uso wa yule mtu kuona kama anamtega, na hakuweza kujua. Labda alikuwa anasema kweli. Labda kweli yenyewe ndiyo ilikuwa mtego.

"Kuna njia ya tatu, kwa huyu bibi yako," Gaudensi akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Tatizo ni uzito wa malalamiko yake. Aweke kidole gumba, tuyafute. Jibu linakuwa jepesi, mtoto anasomwa leoleo. Ruhusa hiyo ninayo mimi mwenyewe, bodi haihusiki."

"Yote?"

"Mambo ya zamani, Kalunde. Uzio. Ng'ombe. Nani anayahitaji?"

* * *

"Ndiyo maana nikakuuliza," Bibi Siwema akasema. "Kuangalia au kufuta."

Ilikuwa alasiri, na Kalunde alikuwa amewaeleza yote, bila kuficha hata lile la mstari mmoja. Leokadia alisikiliza akiwa amempakata mtoto. Kifua cha Nyanzala kilikuwa kinapiga filimbi ndogo kila alipovuta pumzi, na kila mtu chumbani alikuwa anajifanya haisikii.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemziba," Bibi akasema.

"Hapana, bibi. Programu ndiyo…"

"Usinifanye mtoto. Nimekuelewa. Mashine inaanza na mimi kwa sababu nililazimisha ianze na mimi. Inachelewa kwangu kwa sababu nimeongea sana. Ikimaliza kunisikiliza mimi inakuwa imechoka." Akacheka, kicheko kikavu. "Yaani hata hilo wamelipata bure. Hawakuhitaji hata kunichukia."

"Weka kidole, bibi," Leokadia akasema.

"Nini?"

"Weka kidole wayafute! Uzio umekusaidia nini? Uliandika, wakaung'oa? Mtoto anapiga filimbi kifuani, wewe unatunza malalamiko!" Machozi yalikuwa yameshafika. "Mimi nakaa nje kila siku. Nimechoka kukaa nje."

Bibi hakumkemea. Alinyoosha mkono akamshika mtoto mguu, akauacha mkono wake pale.

"Nikifuta yangu, huyu atapumua," akasema. "Na wa kwa Mama Hango? Yule hana malalamiko, yeye ana karatasi za hospitali, kisukari na presha, nazo nzito. Afute ugonjwa wake? Na wajukuu wa Mzee Njou?" Akamgeukia Kalunde ghafla. "Mzee Njou! Unakumbuka alivyokufa?"

"Mzee Njou hajafa, bibi. Nimepishana naye sasa hivi."

"Mwaka ule alikwenda Tabora kwa mwanawe, mtu wenu akamwondoa kwenye orodha kwa makosa. Asubuhi pafu halikumsalimu. Kabla ya mchana walishafika: daktari wa wilaya, mwenyekiti wa mtaa, na injinia wenu. Walikuja kuangalia maiti. Wakamkuta amerudi, anakula ugali."

Kalunde aliikumbuka, na aliijua kanuni yenyewe kwa sababu ilibandikwa ukutani karakana. Kila asubuhi pafu hulirudishia Shirika habari ya waliosalimiwa. Mtoto akikosekana, hakuna kinachotikisika: hapigi kura, hana pensheni. Mtu mzima akikosekana anahesabika marehemu, daftari la wapiga kura linaguswa, na kwa sheria lazima daktari na serikali ya mtaa wafike siku hiyohiyo, walifungue pafu mbele ya majirani, na wasome kwa sauti kumbukumbu yake yote kabla mtu yeyote hajaligusa.

*Kumbukumbu yake yote.*

Akanyanyua macho. Bibi Siwema alikuwa anamtazama kwa utulivu, kama aliyeshamaliza hesabu anamsubiri mwenzake.

"Kile kitufe cha kupanga," Bibi akasema. "Bado ni changu? Au nacho mlishakiua?"

"Bado ni chako. Hakihitaji ruhusa ya mtu." Kalunde akamsogelea. "Bibi, ukiweka watoto mbele, atakayekatwa ni wewe. Hewa yako haitakuja."

"Najua."

"Na kifua chako? Wewe una miaka mingapi ya vumbi humo ndani?"

"Bibi, hapana," Leokadia akasema. "Si hivyo nilivyotaka."

"Wewe ulitaka niweke kidole. Naweka." Alikuwa ameshainuka, mkono mmoja ukutani. "Huyu binti wa Bomani akirekebisha kimya, watasahau. Nikifuta, nitasahau mimi. Sasa mimi sijawahi kusahau kitu, nianze uzeeni?" Akamtazama Kalunde, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na makali. "Ila wewe ndiye fundi. Sema kama kuna mahali nimekosea. Nikiwaambia wazee wenzangu wote wapange hivyo, nisije nikawaua kwa kiburi."

Hapo ndipo uamuzi ulipomwangukia Kalunde kifuani. Kioo chake kilikuwa mfukoni, na ule mstari mmoja ulikuwa tayari, alishauandika karakana. Kidole kimoja tu, na Ng'ambo yote ingepumua kesho na isijue kamwe. Nani angemlaumu? Gaudensi naye hakulaumiwa. Ndivyo Gaudensi alivyoanza, kwa asubuhi moja ya huruma.

Akaitoa barakoa yake shingoni, ile mpya ya Shirika yenye vichujio viwili, akamvalisha Bibi, akamkaza kamba kisogoni.

"Hujakosea," akasema. "Lakini asibaki mzee yeyote ndani akigombea hewa na watoto, na asitoke yeyote bila barakoa nzima. Nitazitoa stoo. Na saa sita ikipita daktari hajafika, nautuma ule mstari, ushahidi upotee ukipotea."

"Utafukuzwa kazi."

"Labda."

"Sasa ndiyo kaa," Bibi akasema, akimsogezea kiti. "Leokadia, kamwite mwekahazina wa kikundi."

Kikundi kilikuwa kile cha kufa na kuzikana, ambacho kila nyumba ya Ng'ambo imo. Kina turubai, kina viti vya plastiki, kina masufuria makubwa, na kina njia ya kufikisha habari kila mlango kabla jua halijazama, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo.

* * *

Asubuhi pafu lilianza kwa sauti yake ya adabu.

"Hujambo, Nyanzala."

Mtoto aliangusha kiazi. Alimwangalia mama yake, akamwangalia Bibi, akaliangalia pafu. "Sijambo!" akapiga kelele, kwa nguvu zake zote, kama aliyekuwa ameliweka jibu hilo akiba siku nyingi.

"Habari ya asubuhi, dada Leokadia."

Leokadia akamvuta mtoto kifuani.

Kisha kimya. Bibi Siwema alisimama mbele ya mashine, amevaa khanga zake za msibani, akasubiri. Aliwahi kulala kwenye ngazi za Shirika kwa ajili ya hiyo shikamoo. Vali ilikoroma, hewa ya watu wawili ikaingia. Bibi alitikisa kichwa taratibu, akavuta barakoa usoni, akachukua kigoda chake, akatoka.

Nje turubai lilikuwa limeshafungwa kuanzia kwa Mama Hango mpaka kwenye reli, na viti vimepangwa kama kwenye msiba wowote. Wazee wa Ng'ambo walikuwa wanatoka mmojammoja, barakoa usoni, wakipeana mikono na kupeana pole.

"Na wewe umekufa?" Mzee Njou akamuuliza Bibi.

"Alfajiri hii."

"Karibu. Mimi ni mara ya pili, nimeshazoea."

Kalunde alikaa nyuma kabisa, kioo mapajani, kidole karibu na ule mstari. Jua likapanda. Wazee wawili walianza kukohoa, halafu watatu. Mama Hango akainamisha kichwa magotini. Kalunde alitazama barabara ya Bomani, akatazama kioo, akatazama barabara. Alishaanza kufikiri kwamba hawatakuja, kwamba kanuni nayo kuna mtu ameizima taa, alipoona vumbi la magari likikaribia upande wa uzio.

Daktari wa wilaya alishuka kwanza, akasimama akiliangalia turubai na viti na wale waliokaa juu yake. Nyuma yake mwenyekiti wa mtaa. Nyuma yake Injinia Gaudensi Lyatuu, ambaye alimwona Kalunde kwa mbali, na hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyevuliwa mzigo na hajui mikono aiweke wapi.

Alitembea mpaka kwenye kiti cha mbele, akainama kidogo, kwa mazoea tu, kama alivyofundishwa kwao.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Siwema alimtazama juu ya barakoa, macho makavu, na hakusema kitu.

"Shikamoo, bibi," akarudia, chini zaidi.

"Marehemu haitikii," Bibi Siwema akasema. Akanyoosha kidole nyuma yake, kwenye mlango uliokuwa wazi, na ukuta uliokuwa ndani. "Ingia. Ufungue, usome kwa sauti, kuanzia siku ya kwanza. Soma nani alisalimiwa na nani alirukwa, wote, mpaka umalize. Ukishamaliza, njoo uniamkie tena, tuone kama nipo."